Panya wa maabara, fuko wa Kenya na bibi yangu wa Chanzuru

Najua nimekuwa kimya. Sikuumwa wala sikufukuzwa kazi kama mmoja wenu alivyonitania. Nilikuwa Chanzuru kwa bibi, mzaa mama.

Kwa msioijua, Chanzuru ni kata ya Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, kaskazini mwa mji wa Kilosa. Siku hizi unapanda treni ya umeme Dar, unashuka Kilosa, halafu unadandia bodaboda unapita Ilonga, kwenye kile kituo cha utafiti wa kilimo. Huko kuna mahindi, mpunga, mkonge na vumbi. Na panya, panya wengi tu.

Sasa sikilizeni. Tangu nikiwa mtoto, nikimwambia bibi "shikamoo", jibu lake ni moja: "Marahaba mume wangu." Utani wa bibi na mjukuu, mnaujua. Safari hii aliniangalia kwa muda, kisha akaniuliza kwa adabu kabisa, kama mtu anayemkaribisha mgeni: "Marahaba. Umetoka kwa nani?" Baadaye jioni akaanza kuniita kwa jina la kaka yake, ambaye alishafariki zamani. Akapika ugali, tukala, tukanawa. Nusu saa baadaye nikamkuta anawasha moto tena ili apike ugali.

Mjomba aliniambia walishampeleka kwenye kituo kimoja cha afya (sitakitaja). Jibu likawa fupi: huo ni uzee, rudini nyumbani. Lakini jirani mmoja ana jibu lake jingine. Anasema bibi anaonekana akitembea usiku. Ukiwa mtu wa Masaki utafikiri huyo jirani ana wasiwasi wa usalama. Ukiwa mtu wa kijijini unajua vizuri maana ya sentensi hiyo, na kwa nini mama alilia nilipomsimulia kwa simu.

Usiku ule sikulala. Darini panya walikuwa wanakimbizana kama wako kwenye mashindano. Nikawa najiuliza: mimi hapa natega hawa viumbe, wakati huko Ulaya na Marekani kuna maprofesa wanaolipwa mshahara kuwafundisha panya kukumbuka njia, na karibu kila dawa ya kupoteza kumbukumbu imepitia kwanza kwa panya. Je, panya anajua nini kuhusu bibi yangu? Niliporudi Dar nikaanza kusoma. Haya niliyoyapata nawaletea leo. Ni marefu kidogo, chukueni chai.

Tuanze na mwanamke mmoja wa Ujerumani, Auguste Deter. Novemba 1901 aliingizwa hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt, akiwa na umri wa miaka 51. Alikuwa anasahau, anamshuku mumewe, anapotea ndani ya nyumba yake mwenyewe. Daktari wake aliitwa Alois Alzheimer. Mama huyo alifariki Aprili 1906, na ubongo wake ukapelekwa Munich, alikokuwa Alzheimer wakati huo. Novemba 3, 1906, mjini Tübingen, Alzheimer akawaeleza madaktari wenzake alichokiona kwa hadubini: madonge ya uchafu katikati ya seli za ubongo, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Mwaka 1910 bosi wake, Emil Kraepelin, akaupa ugonjwa huo jina la Alzheimer katika kitabu chake.

Mwaka ule wa 1906, Wajerumani hao hao walikuwa huku kwetu wanazima Vita vya Maji Maji. Nalitaja hili kwa sababu moja tu: ugonjwa huu ulianza na mtu. Alikuwa mama mmoja, mwenye jina na faili lake, aliyeulizwa maswali na daktari aliyekaa akaandika majibu. Panya alikuwa bado hajaitwa.

Panya aliitwaje basi? Hapa Kiswahili chetu kinatubana kidogo, maana tunasema "panya" kwa wote. Maabara wanao wawili: yule mkubwa wa mitaroni, na yule mdogo wa kabatini, kipanya. Kipanya ndiye nyota wa hadithi hii. Na hakuchaguliwa kwa kuwa anafanana sana na binadamu. Mwanzoni mwa karne ya 20, huko Granby, Massachusetts, kulikuwa na mama mmoja mfugaji, Abbie Lathrop, aliyekuwa anauza vipanya kwa watu wanaowafuga kama mapambo. Wanasayansi wakawa wateja wake. Mmoja wao, Clarence Little, alizalisha ukoo wa vipanya weusi mwaka 1921, na mwaka 1929 akaanzisha Maabara ya Jackson. Ukoo ule mweusi bado unatumika duniani kote hadi leo. Kipanya anakula kidogo, anazaa haraka, anakaa ndani ya boksi, na ndugu zake wote wanafanana kama sare za shule. Kwa kifupi, aliingia kwenye sayansi kwa sababu alikuwa anapatikana dukani!

Ila kulikuwa na tatizo. Kipanya hapati Alzheimer. Anaishi miaka miwili mitatu, anazeeka, anakufa, na ubongo wake hauna madonge wala nyuzi. Mwaka 1984 George Glenner na Caine Wong waliitambua protini inayotengeneza yale madonge, ambayo leo inaitwa beta-amiloidi. Ilipolinganishwa, ikaonekana ya kipanya inatofautiana na ya binadamu kwa asidi amino tatu tu. Ni tofauti ndogo, lakini ya kipanya haigandi kirahisi kama yetu.

Wakafanyaje? Wakamtengeneza. Mwaka 1991 kundi la watafiti wa London liligundua kosa la jeni katika familia za Waingereza zilizokuwa zinapata Alzheimer mapema, kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1995 wanasayansi wa Marekani wakatangaza kipanya aliyepandikizwa jeni ya binadamu yenye kosa la aina hiyo. Madonge yakatokea! Mwaka uliofuata akaja mwingine, Tg2576, wa Karen Hsiao na wenzake, ambaye alianza pia kupotea njia kwenye majaribio ya kumbukumbu. Majaribio yenyewe mengi hufanywa kwenye beseni la maji aliloanzisha Richard Morris kule St Andrews, Scotland, mwaka 1981. Panya anaogelea akitafuta jukwaa lililofichwa chini ya maji. Akikumbuka lilipo, anapumzika. Akisahau, anazunguka tu.

Hapo ndipo swali la tathmini linapokuja, nami naomba tulitazame kama watu wazima. Ukitaka kujua kama mnyama fulani anafaa kusimama badala ya mgonjwa, uliza mambo matatu. Moja, je, anaonekana kama mgonjwa? Mbili, je, anaugua kwa sababu ile ile? Tatu, je, dawa inayomponya yeye inamponya na mtu?

Kwenye swali la kwanza kipanya anapata nusu. Madonge anayo, kusahau anasahau, lakini wale wa mwanzo hawakuwa na nyuzi, wala seli zao za ubongo hazikufa kwa wingi kama za binadamu. Mwaka 2003 akatengenezwa kipanya wa jeni tatu ili nyuzi nazo zitokee, ila jeni ya nyuzi ilitoka kwenye ugonjwa mwingine wa ubongo, si Alzheimer. Kwenye swali la pili anapata chini zaidi. Makosa yale ya jeni yanasababisha chini ya asilimia 1 ya wagonjwa wote wa Alzheimer. Wengi waliobaki, kama bibi yangu iwapo ndio ugonjwa wake (mimi si daktari), wanaugua uzeeni bila kosa lile. Ni sawa na kutaka kuelewa ajali zote za barabarani kwa kuchunguza magari yaliyokatwa breki makusudi.

Swali la tatu ndilo linaloumiza. Mwaka 1999 Dale Schenk na wenzake walitangaza kwamba wamewachanja vipanya, na madonge yamezuiwa, hata kupungua. Dunia ikashangilia. Chanjo ikapelekwa kwa watu, na Januari 2002 jaribio likasimamishwa: watu 18 kati ya 298 waliochanjwa walipata uvimbe wa ubongo. Vipanya hawakuwa wameonya. Na kati ya mwaka 2002 na 2012, asilimia 99.6 ya majaribio ya dawa za Alzheimer yalishindwa. Yaani karibu yote, wandugu! Dawa nyingi kati ya hizo zilikuwa zimefanya vizuri kwa panya.

Kuna na aibu nyingine. Mwaka 2006 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliosema aina moja ya beta-amiloidi, iliyopatikana kwa vipanya wa Tg2576, ikichomwa kwa panya inawafanya wasahau. Utafiti ule ulitajwa na wengine maelfu ya mara. Juni 2024 ukaondolewa rasmi, baada ya kugundulika kwamba picha zake zilichezewa. Sisi waandishi tukipika habari tunafukuzwa (wakati mwingine). Hii ilikaa miaka 18.

Je, tumtupe kipanya? Hapana, tusikimbilie huko. Wazo la kuondoa madonge kwa kinga za mwili, lililoanza kwa vipanya wale wa 1999, ndilo lililozaa dawa ya lecanemab, iliyoidhinishwa rasmi Marekani mwaka 2023. Kwenye jaribio la watu 1,795, ilipunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 27 kwa miezi 18. Haiponyi, inachelewesha. Kwa hiyo kipanya alisema kweli kuhusu madonge. Alichoshindwa kutuambia ni kwamba kuondoa madonge si kumrudisha mtu.

Wengine wakaamua kutafuta wanyama wadogo ambao hawajapandikizwa kitu. Chile kuna mnyama mdogo wa milimani anaitwa degu. Anaishi miaka mingi kuliko kipanya, na beta-amiloidi yake inatofautiana na yetu kwa asidi amino moja tu. Mwaka 2005 watafiti wa huko wakatangaza kwamba degu akizeeka anapata dalili za Alzheimer mwenyewe, bila kuguswa. Furaha kubwa! Mwaka 2016 watafiti wengine wakachunguza degu wazee waliofugwa maabara, hawakuona kitu. Kuna simbilisi pia, wale wanaofugwa kwa ajili ya nyama. Beta-amiloidi yake ni ile ile ya binadamu, herufi kwa herufi, na bado si yeye aliyetegua kitendawili.

Sasa tuje nyumbani, Afrika Mashariki, maana hapa ndipo niliposimama kitini. Kenya, Ethiopia na Somalia kuna fuko asiye na manyoya. Kwa sura, Mungu anisamehe, ni kama kidole cha mzee kilichoota meno. Anaishi chini ya ardhi, karibu kipofu, katika ukoo unaotawaliwa na malkia mmoja kama nyuki. Jennifer Jarvis alianza kuwachunguza Kenya miaka ya 1960, na mwaka 1981 aliushangaza ulimwengu alipoandika kuhusu maisha hayo ya kimalkia. Mwenzake, Rochelle Buffenstein, amewafuga kwa miongo. Wamo fuko waliochukuliwa Kenya ambao waliishi zaidi ya miaka 30, ilhali mwili wao ni kama wa kipanya anayekufa na miaka mitatu.

Na ubongo wake? Mwaka 2013 Yael Edrey, Buffenstein na wenzao waliripoti kwamba fuko huyu ana beta-amiloidi nyingi, kiasi kinachokaribia kile cha kipanya wa jeni tatu, tena tangu akiwa kijana. Lakini madonge hayamo. Amejaa kile kitu tunachokiita sumu, na anaishi nacho miaka 30. Jamani! Miaka yote tumekuwa tunatengeneza mnyama mgonjwa ili tujifunze ugonjwa, kumbe chini ya miguu ya Wakenya kulikuwa na mnyama mzima wa kutufundisha uzima. Kwangu mimi huyu ndiye mnyama bora katika orodha yote, kwa sababu hadai kuwa mgonjwa. Anatulazimisha kubadili swali: badala ya "nani anaugua kama sisi?", tuulize "nani haugui, na kwa nini?"

Morogoro je? Msidhani Morogoro haina historia ya panya, inayo kubwa tu. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine kuna kituo cha utafiti wa viumbe waharibifu, na panya shamba wa kwetu ni miongoni mwa panya wa porini waliochunguzwa sana Afrika. Mwaka 1997 Herwig Leirs wa Ubelgiji na wenzake walichapisha kwenye Nature jinsi mvua inavyoongeza na kupunguza idadi ya panya hawa Morogoro. Wakulima wanapoteza wastani wa asilimia 5 hadi 15 ya mahindi kwa mwaka kwa ajili yao. Lakini kwa Alzheimer panya shamba hafai: jike ana chuchu hadi 24, anazaa kama mashine, na porini ni wachache wanaomaliza mwaka. Hana muda wa kuzeeka.

Panya buku naye anaishi hadi miaka minane akifugwa vizuri. Shirika la APOPO, lililoanzishwa mwaka 1997 na kuhamia SUA mwaka 2000, limemfundisha kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Magawa, aliyezaliwa Morogoro, alipewa medali ya dhahabu Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Cambodia. Nigeria, pale Chuo Kikuu cha Ibadan, James Olopade na wenzake wameuchunguza ubongo wa panya buku na madhara ya madini ya vanadi. Hakuna aliyemthibitisha kuwa mfano wa Alzheimer, na sitawadanganya ili habari yangu ipendeze.

Lakini angalieni jambo hili. Fuko wa Kenya tumeshamsikia, panya buku kapewa medali. Wazee wetu je? Nani kawachunguza?

Wapo waliojaribu. Ibadan na Indianapolis walilinganishwa wazee wa Kiyoruba na Wamarekani weusi. Matokeo ya 1995 yalionyesha dimenshia kwa asilimia 2.29 Ibadan na 8.24 Indianapolis. Kwa nini tofauti hiyo, wakati asili ya watu hao haiko mbali? Hilo ni swali ambalo panya hawezi kulijibu hata ukimpandikiza jeni mia. Hapa Tanzania, Wilaya ya Hai, watafiti walipita nyumba kwa nyumba mwaka 2010 wakawahoji wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Kati yao, baada ya kurekebisha umri, asilimia 6.4 walikuwa na dimenshia. Si wageni wala si wachawi, ni bibi na babu wa Hai.

Na walipata kikwazo: vipimo vya Ulaya vinamtaka mzee aandike na achore, wakati wazee wengi hawakwenda shule. Ndipo kikatengenezwa kipimo kifupi kinachoitwa IDEA. Mzee anaulizwa daraja ni nini, jina la kiongozi wa kijiji, leo ni siku gani. Anatajiwa maneno kumi ayakumbuke. Anapewa njiti za kiberiti apange umbo kama aliloonyeshwa. Anaambiwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Kinatumia njiti za kiberiti, ndugu zangu, si mashine ya mabilioni! Mhudumu wa zahanati akifundishwa anaweza.

Lecanemab ilipotoka ilitangazwa kwa dola 26,500 kwa mwaka, na inahitaji picha za ubongo za mara kwa mara. Chanzuru haitafika kesho. Ila njiti za kiberiti zipo kila duka la Chanzuru. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na dimenshia, zaidi ya asilimia 60 wakiwa kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Ni sisi hao. Na huku kwetu, kule Kanda ya Ziwa hasa, akina mama wazee wameuawa kwa macho mekundu ya moshi wa kuni na kwa maneno ya kuchanganyikiwa. Sheria ya Uchawi tunayo tangu 1928. Kumuita mtu mchawi ni kosa kwa sheria hiyo, lakini sheria haimwelezi jirani kwa nini bibi anatembea usiku. Jina la ugonjwa linaeleza. Kwa mgonjwa wa Frankfurt, jina lile lilikuja baada ya kufa. Kwa bibi wa Chanzuru, linaweza kuwa ndilo linalomwacha hai.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kipanya aendelee na kazi, lakini aulizwe anachokijua: jinsi protini inavyoganda na jinsi ya kuizuia. Fuko aulizwe siri ya kuzeeka salama, na vyuo vya kwetu viwemo kwenye kumuuliza, si kukabidhi mnyama tu. Mengine yote, nani anaugua, kwa nini, anaishije, tuwaulize wazee wenyewe wangali wanaweza kujibu.

Siku ya kuondoka nilimwambia bibi, kwa mchezo tu na si kipimo, anitajie wanyama wote anaowajua. Akasema panya. Akakaa kimya. Akasema mbuzi, nguruwe pori, tembo wa Mikumi. Akarudi tena, panya. Kisha akaniangalia akacheka, akaniambia: "Na wewe, mume wangu."

Mjomba amekubali tumpeleke Morogoro mjini kwa daktari wa akili mwezi ujao. Na jirani nimeshaongea naye. Nilimweleza habari za Auguste Deter, alisikiliza mpaka mwisho. Sijui kama aliamini, lakini aliuliza kama mumewe alikuwa anamfungia mlango usiku.

Kama nawe una bibi au babu wa namna hii, niandikie. Tukutane tena, Mungu akipenda.